Punje Nyuma ya Sikio

Kila Jumatano saa kumi jioni Tupokigwe alimpima baba mkwe wake bila kumwona.

Yeye alikaa jikoni kwenye kigoda, ameupa mgongo ukuta wa mianzi. Mzee alikaa upande wa pili, kibarazani, naye ameupa mgongo ukuta huohuo. Katikati ya mianzi palikuwa na pengo la upana wa kiganja, lililokatwa kusudi, na kipimo kilipita hapo kwenda na kurudi. Kule Itebe, chini ya mlima Rungwe, binti aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala halitamki jina lake. Mila hiyo ilikwishawashinda wengi, hasa waliokulia mjini, lakini Tupokigwe aliishika tangu siku ya ndoa na hakuona sababu ya kuiacha. Na kwa kuwa hadithi hii naisimulia nikiwa upande wake wa ukuta, jina la mzee nami sitalitaja.

"Haya, baba. Ya nyumbani kwanza."

Karatasi za daftari zilifunuliwa. Mzee akakohoa, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano wa kijiji.

"Jumatatu. Nimeona tone la mvua kwenye jani la gimbi. Halikulilowesha jani, mwanangu. Lilijikusanya likawa duara kama shanga, likabiringika hadi katikati, likameza wenzake wawili njiani. Nikainama. Unajua kulikuwa na nini ndani yake? Nyumba yetu. Nzima, na mlango wake, na nguo zako kwenye kamba. Ila imepinduka, bati liko chini."

"Ya angani."

"Mwezi, saa tatu asubuhi. Umebaki kipande chembamba, mweupe kama chaki, juu kabisa. Watu wanapita chini yake na majembe yao na hakuna hata mmoja aliyenyanyua kichwa. Nilitaka kuwaita. Nikaona watasema mzee kaanza."

Tupokigwe alisubiri muda uliowekwa na kanuni, hesabu ya sitini, kisha akaingiza mkono pengoni. Kipimo kilirudi kikiwa na joto la kiganja cha mzee. Kilikuwa kijiwe cheusi kinachosoma mapigo ya damu na jasho la mkono, na juu yake ilikuwa imeandikwa 27.

Akaandika kwenye kitabu: namba 412, ishirini na saba.

"Ndaga, mwanangu," mzee akashukuru kwa kilugha, kama kila Jumatano.

Tupokigwe akamwekea ndizi na maharage kwenye kigoda cha nje, akakohoa mara mbili kumjulisha, akaingia ndani na kufunga mlango. Alisikia kijiko kikigonga sahani. Hakufikiria jambo lolote mpaka kilipoacha kugonga, ndipo akafikiria kuosha sahani.

*

Punje za nyuma ya sikio zilikuja baada ya Mwaka wa Maporomoko, mvua iliposhusha miteremko saba ya wilaya kwa juma moja. Waliobaki hawakuweza kuamka. Mashamba yalikaa bila mtu, watoto walikaa bila kula huku mama zao wamelala macho wazi, na hapo ndipo serikali ilipoleta dawa ambayo si ya kumeza. Ilikuwa punje ndogo kuliko ulezi, iliyopandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kushoto. Haikufuta kumbukumbu. Mtu alijua vizuri kabisa nani amekufa na wapi, ila kati ya kujua na kuumia kulikuwa kumekatwa. Watu waliinuka, wakazika, wakapanda mahindi. Tusiwalaumu walioileta, maana iliwaokoa wengi.

Lakini punje haikujua kuchagua. Iliziba huzuni, na pamoja nayo ikaziba ladha ya chakula, hamu ya kuimba, na hata ile hasira ya kukanyagwa kidole sokoni. Wataalamu walipogundua hilo wakaleta daftari. Kila mwenye punje aandike kila siku jambo moja dogo aliloliona nyumbani na moja aliloliona angani, kisha apimwe ajulikane kama mwili wake umeshtuka hata kidogo. Anayefika kumi kwa majuma matatu mfululizo huzimiwa punje. Asiyefika ndani ya miaka sita, njia hujifunga yenyewe, na baada ya hapo, awe na punje au asiwe nayo, atabaki hivyohivyo hadi kaburini. Waliopita miaka sabini, kama baba mkwe wa Tupokigwe, hawazimiwi kabisa, hata wakifika kumi, kwa sababu moyo wa mzee hauaminiki kuhimili kishindo cha huzuni ya miaka inayorudi kwa pamoja.

Tupokigwe aliwekewa punje yake siku ya tatu baada ya mumewe, Ipyana, kufunikwa na udongo pale kwenye kalavati la barabara ya chai. Miaka minne baadaye aliajiriwa kuwa mpimaji kituoni, wala hakuna aliyeshangaa. Wapimaji wenye punje hawakuwahi kuongeza namba kwa huruma.

*

"Sifuri," alisema Bi. Subilaga, msimamizi wa kituo, akipitisha kidole kwenye ukurasa. Ilikuwa Alhamisi. "Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Hii moja ilikuwa nini?"

"Nilijikwaa."

Bi. Subilaga akavua miwani. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kawaida ya kutafuna karafuu akiwa na mawazo, na asubuhi hiyo ofisi nzima ilinukia karafuu.

"Zimebaki siku tisa, Tupokigwe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unaandika nini kwenye daftari lako? Nisomee la jana."

"Mchwa. Wingu."

"Mchwa gani? Alikuwa anafanya nini?"

Tupokigwe akajaribu kukumbuka. "Alikuwa mchwa."

Bi. Subilaga akashusha pumzi. Akafungua kitabu kingine. "Basi tuache la kwako. Kuna huyu namba mia nne kumi na mbili."

"Ni baba mkwe wangu."

"Najua ni nani. Ishirini na saba. Juma lililopita ishirini na tano. Mwenye punje hafiki ishirini na saba hata akitokewa na malaika chooni. Miaka miwili unaniletea namba hizi, na mimi kwa uvivu wangu natia sahihi tu, mpaka jana mkaguzi kutoka mkoani ameniuliza."

"Nilidhani kipimo kimezeeka."

"Kwa nini hukukileta?"

Kujiuliza kwa nini ni kazi inayohitaji kiu fulani, na kiu hiyo Tupokigwe hakuwa nayo.

"Hukuwahi kumtazama nyuma ya sikio uone kama..." Bi. Subilaga akajikata katikati ya sentensi, akajifunika mdomo. "Jamani. Samahani, mama. Nimesema nini? Hata mimi wa kwangu nisingemtazama."

Nje mtu alikuwa akifagia majani.

"Muulize," Bi. Subilaga akasema hatimaye, akimsogezea fomu ya karatasi ngumu. "Mkaguzi mwenyewe angetaka nipeleke mtu wa nje akamshike kichwa mzee wa watu. Nimemwambia hapana, kwetu mtu hamdanganyi mkwe wake. Neno lako litanitosha. Andika hapa, punje ipo au haipo, fomu inifikie Jumamosi jioni. Kama haipo, gari litamfuata Jumatatu wakamwekee nyingine."

"Na hiyo atakaa nayo muda gani?"

"Ya pili haitoki."

Tupokigwe akaikunja fomu, akaitia mkobani kama aliyeagizwa kitu cha dukani.

*

Jumamosi hiyo jua lilikuwa lipatwe. Redio ilikuwa imesema juma zima, na shuleni watoto waligawiwa miwani ya karatasi. Mvua ya Rungwe, ambayo haina adabu ya kuangalia kalenda, ilipumzika tangu alfajiri na mbingu ikawa tupu. Tupokigwe alisikia kelele za watu wakipanda kilimani kwenda kuona, naye akakaa jikoni kumenya ndizi, kwa kuwa ilikuwa saa ya kumenya ndizi. Kipimo kilikuwa mfukoni mwa aproni. Fomu ilikuwa juu ya kinu.

Alisikia mzee akijishusha kibarazani, magoti yakilia.

"Baba, punje yako ipo?"

Kisu chake kiliendelea kumenya. Maganda matatu yalianguka kabla ya jibu kuja.

"Haipo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu, mwezi wa Aprili. Kwa wembe na kioo cha kunyolea. Nilitoa damu nyingi kuliko jogoo wa Krismasi. Kama ungekuwa unanitazama ungeona kovu, ni baya."

"Na moyo?"

"Unauma na unapiga. Zamani ulikuwa unapiga tu, sasa vyote viwili."

"Kwa nini uliitoa?"

Mzee alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya kuhutubia.

"Nilikuwa napita pale kwenye kalavati, natoka kusaga. Nikasimama. Nikajua kwamba mwanangu alifia hapa, kama ninavyojua kwamba debe lina kilo ishirini. Ndivyo nilivyojua, mwanangu, hivyohivyo. Nikasema, Ipyana aliacha watu wawili nyumbani kwake, na kati ya wawili hao hakuna anayemlilia. Ameondoka kama mpangaji. Nikaona haifai. Wewe bado kijana, una kazi. Basi nikasema nitalia mimi."

"Hukuniambia."

"Ungeandika."

"Ndiyo, ningeandika."

"Basi," mzee akacheka kidogo.

Tupokigwe akaweka ndizi kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa motoni. Aliyapanga maneno kichwani kama anavyopanga namba: mzee anaumia, ipo njia ya kumwondolea maumivu, sheria inaitaka, kazi yake ni kuandika ukweli. Hakuona penye ugumu.

"Kuna siku huli," akasema. "Nakuta sahani imejaa."

"Kuna siku sili. Sitakudanganya. Kuna asubuhi naamka nimemsahau, na ninapomkumbuka ni kama wamekuja kuniambia upya."

"Na unataka kubaki na hali hiyo?"

"Nataka."

"Sielewi, baba."

"Najua huelewi. Na kalamu ni yako."

Alisema bila ukali. Kisha akaongeza, kwa haya, kama mtu anayeungama kosa la pili dogo zaidi, "Daftari nalo nilikuwa nakusomea wewe. Siku zako zinaisha, nami siwezi kukushika mkono nikakupeleka kwenye gimbi nikakuambia tazama. Lakini Jumatano saa kumi ulikuwa huna budi kunisikiliza. Nilikuwa nazunguka juma zima kutafuta cha kukuletea. Kuna siku nimemfuata konokono tangu chai hadi chakula cha mchana."

Tupokigwe alitaka kusema asante, kwa kuwa ndilo linalosemwa. Mwanga ukabadilika.

Haukuwa mwanga wa mawingu. Ulikuwa umepungua bila kuwa hafifu, vivuli vikawa vikali, na baridi ikaingia kwa miguuni. Huko kilimani watu walipiga kelele. Majogoo wawili wakabishana.

"Mwanangu," mzee akasema kwa haraka, "usitoke, utaumiza macho. Tazama sakafu."

Jiko lile liliezekwa kwa mabati yaliyotolewa nyumba nyingine, yenye matundu ya misumari ya zamani, na jua la mchana liliangusha madoa ya mwanga kwenye sakafu ya udongo. Tupokigwe alikuwa ameyafagia madoa hayo miaka tisa. Sasa alitazama, na hayakuwa madoa. Kila moja lilikuwa mwezi mwembamba wenye ncha mbili. Vimwezi vilijaa sakafuni, juu ya maganda ya ndizi, juu ya kinu, kwenye fomu, kwenye mkono wake wenye kisu, vyote vimeelekea upande mmoja.

"Umeviona?"

"Nimeviona. Ni nini?"

"Ni jua. Kila tundu linachora jua. Linalichora kila siku, ila siku zote jua ni duara na doa ni duara, nani angejua? Leo jua limeliwa upande, na michoro yake imeliwa upande. Nimekuwa nikihesabu siku tangu redio iseme. Niliogopa mvua."

Tupokigwe akasogeza mkono. Kimwezi kikapanda kwenye kifundo, kikatambaa juu ya vidole, kikabaki palepale sakafuni alipoutoa. Alifanya hivyo tena. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akatoa kipimo mfukoni na kukifumbata.

Sita.

Hakuwahi kuiona namba hiyo kwenye mkono wake. Haikuwa furaha. Ilikuwa kama mtu amegonga mlango wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Na haikutosha. Ilihitajika kumi, kwa majuma matatu, na siku zilizobaki zilikuwa saba.

Vimwezi vilianza kunenepa. Nje mwanga ulikuwa ukirudi taratibu.

"Baba, nitaandika kwamba haipo."

"Andika. Ni kazi yako." Mzee akapumua. "Ila niambie kitu kimoja kabla hujaandika. Unaandika kwa kuwa ni jambo jema kwangu, au kwa kuwa wewe haikuumi?"

Akaishika kalamu. Akaisogeza hadi mahali pa kuandika *haipo*. Lilikuwa swali rahisi, la kujibiwa kwa neno moja kati ya mawili, na alilitafuta jibu kwa uaminifu kama anavyotafuta namba kitabuni, akakuta mahali pa jibu pako wazi. Hakujua. Alikuwa amekaa na kalamu akitaka kumwondolea mtu kitu asichojua kina uzito gani, wala kina thamani gani, na hakukuwa na njia ya kujua akiwa hivi alivyo. Hata hilo halikumtisha. Aliliona tu kuwa ni kosa la kazi, kama kupima unga kwa mizani iliyokufa.

Mpimaji hupewa uwezo wa kuzima punje za wengine. Unakiweka kipimo nyuma ya sikio, unabonyeza na kushikilia mpaka kilie mara tatu, na ikizimika haiwaki tena. Kanuni inakataza kumzimia aliye chini ya kumi, kwa kuwa haijulikani kitakachorudi ni nini, au kama kitarudi chochote.

"Baba, usiondoke hapo."

"Niende wapi na magoti haya?"

Akakiweka kipimo nyuma ya sikio lake mwenyewe, akabonyeza. Kililia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hakuna kilichotokea. Alikaa. Sakafuni madoa yalikuwa yakirudi kuwa duara, moja baada ya jingine. Akafikiri njia imeshajifunga, na wazo hilo likapita kama yalivyopita mawazo mengine. Akachota mchuzi wa maharage kwa mwiko aonje, kwa kuwa ulikuwa umeiva.

Ulikuwa chumvi tupu. Akatema, akashika mwiko akiutazama, na akaelewa kwamba amekuwa akipika hivi kila siku kwa karibu miaka sita, na kwamba kwa mitatu ya mwisho mzee mwenye ulimi mzima alikuwa akivila vyakula hivi na kusema ndaga. Uso ukamwaka moto. Ilikuwa aibu. Nyuma ya aibu moshi ukamchoma macho, magoti yakahisi baridi ya sakafu, na harufu ya maganda mabichi ikamjia kwa nguvu hata akashika ukuta. Vitu viliingia bila mpangilio, kama watu wanaogombania mlango mmoja, na kimoja kikubwa kilikuwa kimesimama nyuma yao wote kinasubiri wapite.

Akaivuta fomu. Kalamu ilitoboa karatasi. Akaandika *ipo*, uongo wake wa kwanza tangu aolewe, na akajua kwa hakika kwamba ni uongo na kwamba hataufuta.

Kisha kile kikubwa kikafika. Akafungua mdomo ikatoka sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Upande wa pili mzee akajiburuta, akaukaribia ukuta mpaka mianzi ikalia.

"Mwanangu? Kuna nini?"

"Baba." Maneno yaligoma, akayasukuma. "Baba, Ipyana amekufa."

Mzee hakusema kwamba anajua. Alinyamaza kama inavyompasa mtu anayepokea habari ya namna hiyo, kisha akauliza kwa upole, kama anavyoulizwa kila mfiwa anayekuja kubisha hodi, "Lini, mwanangu?"

"Leo," akasema Tupokigwe. "Leo hii."

"Pole," mzee akasema, na sauti yake nayo ikakatika. "Pole sana, mama. Nieleze, imekuwaje?"